Filme za bubu zinafaa kuangaliwa hata leo



Katika gazeti lililopita mwenzetu mmoja aliandika juu ya filme za karate, na wengi walimpongeza. Hata mimi nilisoma maneno yake mara mbili. Leo ninaomba nafasi ndogo niandike juu ya filme za namna nyingine, zile za zamani ambazo watu wake hawasemi hata neno moja kwa sauti. Kwa Kifaransa wanaziita cinéma muet, ni kusema sinema ya bubu.

Najua ya kwamba wengine watataka kugeuza ukurasa huu mara moja. Watasema: "Filme bila sauti, bila rangi, ya mwaka 1921, iko na faida gani?" Hata mimi nilisema vile. Ninaandika juu nilikosa, na kosa langu halikuwa juu ya filme tu.

Nyumbani kwetu tuko watoto sita. Wa tano ni mdogo wangu mwenye miaka kumi na mmoja. Alipokuwa na miaka mitatu alishikwa na homa kali sana, na alipopona masikio yake yalikuwa yamefungwa. Hasikii hata ngurumo ya mvua. Maneno machache aliyokuwa amejifunza yalipotea polepole. Nyumbani tunazungumza naye kwa mikono, kwa alama ambazo tulizitunga sisi wenyewe. Baba ni ndevu. Mama ni kidole kwenye kitambaa cha kichwa. Jirani ni mkono unaoruka juu ya ua. Ndugu wa tumbo moja ni kiganja juu ya kifua, kiisha kidole kinamwonyesha yule ndugu.

Mdogo wangu anapenda picha kupita sisi wote. Katika mtaa wetu kuko nyumba ya video, na mara nyingi tulikwenda pale pamoja. Watu wakipigana katika filme, anafurahi. Lakini kila mara wanapoanza kusema, anavuta shati langu na kuuliza kwa mikono: "Wanasema nini?" Mimi ninamjibu kwa alama ya "kiisha," maana sitaki kupoteza filme yangu. Filme inaisha, tunarudi nyumbani, na ile kiisha haifiki. Nikihesabu maneno yote ambayo sikumwambia, ninaona niko na deni kubwa kwake.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kifaransa alipata ruhusa ya kutuonyesha filme kila Jumamosi jioni katika chumba kikubwa cha mikutano. Alileta ordinatere na mashini ya kurushia picha, tukatundika shuka nyeupe mbele, na mashini ya umeme ikanguruma nyuma ya jiko. Wadogo zetu waliruhusiwa kuja. Mama aliniambia: "Mwana, enda na mudogo yako, na yeye apate kufurahi kidogo." Nilikwenda naye, lakini moyo wangu ulikuwa mzito. Wenzangu wa darasa hawakujua ya kwamba niko na ndugu kiziwi. Wako watu ambao wakiona mtoto wa namna ile wanaanza kunong'ona juu ya jamaa yake, eti walifanya nini mpaka wakapata vile. Nilisikia haya.

Mlangoni rafiki yangu mmoja aliniuliza: "Huyu mutoto ni wa nani?"

Nilijibu haraka: "Ni wa jirani." Tukaingia, tukakaa.

Filme ya jioni ile ilikuwa Le Kid ya Charlie Chaplin, yule ambaye sisi wa Kongo tunamwita Charlot, kama Wafaransa wanavyomwita. Babu yetu anasema ya kwamba alimwona Charlot wakati wa Wabelgiji, kwa kitambaa cheupe, usiku, nje. Sisi hatukuwa na subira ya babu. Picha ilipoanza tulipiga makelele: "Mwalimu, sauti imekufa! Leta filme ya kweli!" Mwalimu alijibu: "Sauti haikukufa. Wakati ule ilikuwa haijazaliwa bado. Nyamazeni, mwangalie."

Filme hii ni ya mwaka 1921. Mama mmoja maskini anaacha mtoto wake mchanga ndani ya gari la tajiri, akitumaini ya kwamba atalelewa vizuri. Wezi wanaiba lile gari, wanakuta mtoto, wanamtupa kando ya njia. Charlot anapita na fimbo yake, anamwokota. Kwanza anajaribu kumwachia mtu mwingine, lakini hawezi, basi anamlea. Hana chupa ya maziwa, anatundika birika ya kahawa juu ya kitanda cha mtoto ili anyonye pale. Mtoto anapofika miaka mitano, kazi yao ni hii: mtoto anatupa mawe na kuvunja vioo vya madirisha, kiisha Charlot anapita kwa bahati na vioo vipya mgongoni.

Tulikuwa bado tunanung'unika, na mtu mmoja akacheka kwa nguvu. Alikuwa mdogo wangu. Yeye hajisikii, kwa hiyo kicheko chake hakina kipimo, kinatoka chote mara moja kama maji ya ndoo iliyopinduka. Watu waligeuka. Mimi niliangalia chini. Lakini polisi alipotokea nyuma ya Charlot na vioo vyake, chumba kizima kilicheka vilevile, na kicheko cha mdogo wangu kikapotea ndani ya vicheko vyetu.

Kiisha inakuja ile sehemu ambayo watu wa makao ya yatima wanakuja kumnyang'anya mtoto. Wanamweka ndani ya gari. Mtoto ananyoosha mikono, analia, anaomba. Aliyecheza sehemu ile ni Jackie Coogan, na mtu haamini ya kwamba mtoto mdogo vile anaweza kuigiza uchungu namna ile. Charlot anapanda juu ya mapaa ya nyumba, anakimbia kufuata gari. Hapa hakuna aliyesema "leta filme ya kweli." Mwalimu alitueleza nyuma ya filme ya kwamba Chaplin mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1889 kule Uingereza, alipelekwa akiwa na miaka saba katika nyumba ya maskini ya London pamoja na mama yake na ndugu yake. Na mwaka 1919 mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku tatu tu. Mtu anayejua mambo haya hashangai kuona uchungu ule wa kweli katika filme ya kuchekesha.

Katikati ya mbio zile rafiki yangu aliyekaa mbele hakupata kusoma maandishi, maana yanapita upesi. Aligeuka akauliza: "Banamupeleka wapi?" Kabla sijajibu, mdogo wangu alimweleza kwa mikono: mtoto, gari, mlango unafungwa, baba anabaki peke yake. Rafiki yangu alisema: "Aa, nimesikia." Na alikuwa amesikia kweli.

Jioni ile mdogo wangu hakuvuta shati langu hata mara moja.

Basi, wapenzi wasomaji, Jumamosi zile tuliangalia filme sita. Ya kwanza nimekwisha kuieleza. Ninataka kuwapa zile nyingine tano, pamoja na sababu zangu, ili mkizipata kwa mtu msiziache.

Ya pili ni La Ruée vers l'or, ya Chaplin tena, ya mwaka 1925. Inaonyesha watu waliokwenda katika theluji ya Alaska kutafuta dhahabu. Sisi wa Kivu tunajua habari hii, maana tunajua vijana walioacha masomo kwenda kuchimba kule Kamituga. Charlot na mwenzake wanafungwa na dhoruba ndani ya kibanda, chakula kinaisha. Charlot anapika kiatu chake. Anakikata kwa heshima, ananyonya misumari kama mifupa ya kuku, anakunja kamba za kiatu kwa uma. Kiatu kile kilitengenezwa kwa namna ya peremende nyeusi ili wapate kukila. Mwenzake anasikia njaa mpaka anamwona Charlot kama kuku mkubwa, anashika bunduki. Wenzetu wanaolala internat walicheka kupita wote, maana wao wanajua mezani pa njaa panafananaje. Angalizo moja: mwaka 1942 Chaplin aliitoa tena filme hii akiwa ameongeza sauti yake ya kueleza. Mkiweza, tafuteni ile ya 1925.

Ya tatu ni Le Mécano de la Générale, ya Buster Keaton, ya mwaka 1926. Keaton ni tofauti na Charlot: uso wake haucheki hata kidogo. Yeye ni dereva wa gari-moshi. Wapelelezi wanaiba mashini yake, naye anaifuata peke yake, kwa miguu, kwa baiskeli, kiisha kwa mashini nyingine. Ajabu yake ni kwamba vitu unavyoviona ni vya kweli. Anakaa juu ya chuma kinachozungusha magurudumu, na gari-moshi linaanza kwenda naye yuko pale pale. Karibu na mwisho daraja linaungua na mashini nzito inaanguka mtoni: ile ilikuwa mashini ya kweli, daraja la kweli na mto wa kweli, katika Oregon. Hakuna ordinatere iliyosaidia. Zamani filme hii haikusifiwa wala kuleta pesa nyingi, lakini leo wenye kujua sinema wanaiweka kati ya zile bora. Lakini niseme neno moja kwa wazi. Habari yake ilitokea mwaka 1862, katika vita vya Wamarekani wao kwa wao, na Keaton anacheza mtu wa upande wa Kusini, upande uliotetea utumwa wa watu weusi. Filme haisemi neno juu ya jambo hilo. Sisi tuangalie ufundi wake, lakini tusisahau kile kilichoachwa nje ya picha.

Ya ine ni La Passion de Jeanne d'Arc, ya mwaka 1928. Aliyeitengeneza ni Carl Dreyer, mtu wa Denmark, akiwa Ufaransa. Hii haichekeshi. Ni hukumu ya Jeanne d'Arc, msichana aliyechomwa moto Rouen mwaka 1431, na maneno yake yalitolewa katika maandiko ya hukumu yenyewe. Karibu filme nzima ni nyuso tu: uso wa msichana, uso wa waamuzi, uso wa askari, bila kupakwa rangi wala poda. Mchezaji Falconetti anatoa machozi polepole mpaka wewe unayeangalia unataka kumpangusa. Nilifikiri ya kwamba mdogo wangu atachoka, maana hajui kusoma sana. Kumbe hapana. Aliangalia nyuso kama vile anavyoziangalia nyumbani kila siku, maana kwake uso ndio sauti. Alinionyesha mwamuzi mmoja, mapema sana, na alama ya "huyu anamwonea huruma." Mimi sikuwa nimeona kitu. Kiisha dakika chache ikajulikana ya kwamba ni kweli.

Filme hii iko na habari yake nyingine. Ile ya asili iliungua moto katika mwaka 1928, na watu walifikiri ya kwamba imepotea hivi ilivyokuwa. Mwaka 1981 kopi nzuri iligunduliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili kule Norway. Miaka zaidi ya hamsini ilikuwa imekaa pale kimya.

Ya tano ni Le Dernier des hommes, ya F. W. Murnau, ya Ujerumani, mwaka 1924. Karibu hakuna maandishi ndani yake, picha zinasema peke yake. Mzee mmoja anasimama mlangoni pa hoteli kubwa. Yuko na koti refu lenye vifungo vinavyong'aa, na katika mtaa wake wa maskini watu wote wanamheshimu juu ya koti lile. Siku moja mkubwa wa hoteli anamwona ameshindwa na sanduku zito. Anamvua koti, anampeleka chini kwenye vyoo kushikia wageni taulo. Mzee anaona haya sana. Usiku anaiba koti lake la zamani, na analivaa akirudi nyumbani, ili jirani wasijue. Anatembea mbele yao kifua mbele, na kila mmoja anamwamkia, na wewe unayeangalia unajua ya kwamba ni uongo.

Ndugu zangu, hapa filme ilinishika shingoni. Mzee yule alificha choo. Mimi nilimficha mtoto aliyekaa karibu nami, bega kwa bega, wiki tano. Wenzangu walikuwa wamekwisha kumpenda. Walimwita "mutoto wa jirani," walimwachia nafasi ya mbele, walimwomba aigize mwendo wa Charlot na fimbo ya ufagio. Na kila walipomwita vile mimi nilivaa koti langu la kuiba na kutembea kifua mbele. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumamosi ya sita, mlangoni pale pale, yule rafiki yangu aliuliza: "Mutoto wa jirani alikuja?"

Nilisema mbele ya wote: "Si mutoto wa jirani. Ni mudogo yangu, tumbo moja. Nilisema uongo." Na kwa mikono nilifanya alama: kiganja juu ya kifua, kidole kwake.

Mdogo wangu aliniangalia kwa muda mrefu. Kiisha akaonyesha mahali pale mlangoni tuliposimama siku ya kwanza, na akafanya alama ya jirani, mkono unaoruka juu ya ua. Nikaelewa. Siku ile niliposema uongo kwa mdomo, mkono wangu, kwa mazoea ya nyumbani, uliusema pia. Kiziwi hasikii, lakini mikono anaisoma. Wiki tano alilibeba neno lile, na hakumwambia Mama. Nilitaka kumwomba radhi, lakini taa zilizimwa, naye akageukia shuka nyeupe. Hakutaka kukosa mwanzo.

Filme ya sita ilikuwa Les Lumières de la ville, ya Chaplin, ya mwaka 1931. Wakati ule sinema ya kusema ilikuwa imekwisha kushinda, lakini Chaplin alikataa kumpa Charlot sauti. Aliweka muziki tu, na sehemu yake kubwa aliitunga yeye mwenyewe. Mwanzoni wakubwa wa mji wanatoa hotuba, na kinachotoka mdomoni mwao ni sauti ya filimbi isiyo na maana. Charlot anampenda msichana kipofu anayeuza maua. Chaplin alikuwa na shida moja: msichana asiyeona atafikiri namna gani ya kwamba maskini huyu ni tajiri, na filme haisemi? Alirudia sehemu ile mara nyingi sana mpaka akapata jibu: msichana anasikia mlango wa gari la tajiri ukifungwa wakati Charlot anapita pale. Sitawaambia mwisho wake. Nitasema tu ya kwamba mwisho ule unafanyika kwa mikono, na ya kwamba mwalimu wetu alichelewa kuwasha taa kwa sababu yake mwenyewe.

Katika filme ile kuko mchongaji wa sanamu. Aliyecheza ni Granville Redmond, mchoraji wa picha wa California, na alikuwa kiziwi tangu utoto. Chaplin alikuwa rafiki yake, alimpa chumba cha kuchorea katika uwanja wake wa kutengenezea filme. Nilipomweleza mdogo wangu jambo hili, aliniuliza mara tatu kama ni kweli.

Ni kweli, na si yeye peke yake. Lon Chaney, mchezaji mkubwa aliyecheza Quasimodo mwaka 1923, alizaliwa na baba na mama viziwi, na tangu utoto alizoea kusema kwa mikono na kwa uso. Fikirini sasa: tangu tarehe 28 Desemba 1895, siku ndugu wawili Lumière walipoonyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kule Paris, mpaka mwisho wa miaka ile ya 1920, kiziwi na mwenye masikio walikaa benchi moja na kupata kitu kimoja. Mwaka 1927 ilitokea Le Chanteur de jazz, watu wakasikia mchezaji akisema na kuimba, wakashangilia. Kwa miaka michache tu filme za bubu zikaachwa. Watu wanaita jambo lile maendeleo, na ni maendeleo kweli. Lakini siku ile mlango uliofunguliwa kwa wengi ulifungwa kwa viziwi. Mwaka 1947 kiziwi mmoja kule Marekani, Emerson Romero, aliyekuwa zamani mchezaji wa filme za bubu, alianza kukata filme za kusema na kuweka katikati vipande vya maandishi ili viziwi wenzake wafuate. Hayo maandishi ya chini mnayoyaona leo katika filme yalitafutwa kwa jasho la watu kama yeye.

Sasa mashauri machache kwa yule anayetaka kujaribu.

Kwanza, msiangalie kopi mbaya. Zamani mashini za kupiga picha zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 au 20 kwa sekunde. Sauti ilipokuja wakaweka 24. Kopi ikipitishwa upesi kupita kipimo chake, watu wanakimbia kama siafu, na ninyi mnafikiri wazee wetu walikuwa wajinga. Si wao, ni mashini.

Pili, msifikiri ya kwamba zamani watu walikaa kimya kabisa. Palikuwa na mtu wa piano, au kundi la muziki. Kule Japani palikuwa na mtu aliyesimama kando ya picha akieleza habari. Basi hata kwetu mtu anaweza kupiga gitaa polepole, na mwenye kujua kusoma Kifaransa upesi awasomee wadogo maandishi.

Tatu, muwe na subira ya dakika kumi. Mtu aliyezoea kelele anapotea mwanzoni. Kiisha macho yanaamka.

Ine, mkipata filme ya zamani, itunzeni. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa uchunguzi: kati ya filme ndefu za bubu zaidi ya 10,000 zilizotengenezwa Marekani, karibu 70 kwa mia zimepotea kabisa. Filme zile zilikuwa za namna inayowaka moto upesi, na nyingine zilitupwa tu, maana wenyewe waliona hazina faida tena. Kitu tunachokiita cha zamani leo, kesho tunakitafuta na hatukioni.

Kwa kumaliza, ninaomba mambo mawili. Kwanza, ninawaomba radhi wenzangu ambao niliwadanganya muda ule wote. Mdogo wangu nilimwomba radhi usiku ule njiani, kwa mwangaza wa simu, ili aone mikono yangu. Alinijibu kwa alama ya "kiisha," halafu akacheka kile kicheko chake, na mbwa wa mtaa mzima wakaanza kubweka. Sasa Baba anamtafutia nafasi katika shule ya viziwi, na mimi, tukiangalia filme ya kusema, ninaisimamisha ninamweleza. Filme ya saa moja na nusu inachukua saa tatu. Haidhuru. Ninalipa deni.

Pili, ninaomba wakubwa wa shule yetu, kama inawezekana, jioni zile zianze tena muhula huu. Kama kuko mwanafunzi mwingine aliye na ndugu kiziwi nyumbani ambaye hatujamjua, amlete. Benchi la mbele upande wa kushoto ni la mdogo wangu, lakini yeye ni mwembamba, nafasi iko.



Ni mimi, mwanafunzi wa darasa la mwisho